Tutajuaje nani alimla nani katika bahari za kale?

Mwalimu wa Biolojia

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na ninapofika kwenye mada ya mtandao wa chakula hupenda kuwapa wanafunzi mifano miwili, mmoja wa bahari wanayoijua na mwingine wa bahari iliyokwisha kutoweka. Kwa mfano wa pili nimechagua ile bahari ya ndani iliyoigawa Amerika ya Kaskazini sehemu mbili katika kipindi cha Kretasia, yaani sehemu ya mwisho ya zama za dinosauri, ikianzia Ghuba ya Meksiko na kufika hadi Aktiki, ambayo sakafu yake leo ni mashamba na makorongo makavu ya majimbo kama Kansas na South Dakota. Picha za bahari hiyo ni nyingi na zinavutia: mosasauri, mtambaazi wa baharini mwenye urefu wa basi, anamkamata plesiosauri, mtambaazi mwingine wa baharini mwenye mapezi manne, papa anaibuka majini na kumdaka pterosauri, yaani mtambaazi arukaye, samaki mkubwa anammeza mwenzake mzimamzima.

Shida yangu ni kwamba mtandao wa chakula huchorwa kwa mishale, na kila mshale ni dai. Ninapochora mshale kutoka kwa plesiosauri kwenda kwa mosasauri, ninawaambia wanafunzi kwamba huyu alikuwa chakula cha yule, na mwanafunzi ana haki ya kuniuliza nimejuaje, ilhali hakuna binadamu aliyeishuhudia bahari hiyo. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, ni mishale ipi kati ya hiyo inayosimama juu ya ushahidi unaoshikika, na ni ipi iliyotokana na makisio ya wachoraji? Pili, tunapokuta dalili kwamba mnyama mmoja alimla mwingine, je, kuna namna ya kutambua kama alimuua mwenyewe au aliukuta mzoga tu?

Msoma Miamba

Mwalimu, hongera kwa swali lililokaa mahali pake. Nitaanza na ushahidi ninaoupa uzito kuliko mwingine wote, yaani yaliyokutwa tumboni. Watafiti wa uvuvi wa leo wakitaka kujua jodari au papa anakula nini humpasua tumbo na kuhesabu kilichomo, na kwa bahati njema miamba ya Kansas imetuhifadhia matumbo kadhaa yanayoweza kusomwa kwa njia hiyohiyo.

Sababu ya bahati hiyo iko katika sakafu ya bahari yenyewe. Miamba ya chaki ya Niobrara, yenye umri wa miaka milioni 87 hadi 82 hivi, ilitokana na magamba madogo mno ya mimea ya majini isiyoonekana kwa macho, yaliyokuwa yakishuka polepole na kutandazika kama tope laini. Mara nyingi maji ya chini kabisa yalikuwa na oksijeni kidogo, kwa hiyo wanyama wa sakafuni wa kufukuafukua na kuitawanya mizoga walikuwa wachache. Mnyama aliyezama akiwa na chakula tumboni aliweza kufunikwa pamoja na chakula chake.

Mfano maarufu zaidi uko katika Makumbusho ya Sternberg mjini Hays, Kansas. Ni samaki aitwaye Xiphactinus, mwenye urefu wa takriban mita 4.2, aliyechimbuliwa na George F. Sternberg mwaka 1952, na ndani ya mbavu zake amelala samaki mwingine, Gillicus, mwenye urefu wa karibu mita 1.8. Gillicus ameingia kichwa kikitangulia, kama samaki wengi wanavyomezwa hata leo ili miiba na mapezi yalale nyuma. Jambo ninaloomba ulitilie maanani, Mwalimu, ni kwamba mifupa ya Gillicus haikuliwa na asidi ya tumbo. Mlaji alikufa muda mfupi baada ya kumeza, na wengi wanaamini kwamba windo lile lilipokuwa likifurukuta lilimjeruhi kwa ndani. Maiti ya samaki haifurukuti, na hapa maelezo yaliyo mepesi kuliko yote ni kwamba Gillicus alimezwa akiwa hai, ingawa kifo cha Xiphactinus hakikuacha shahidi mwingine zaidi ya mifupa hiyo.

Kuhusu mshale wako wa mosasauri na plesiosauri, huo upo kwenye mwamba. Mwaka 1918 Charles H. Sternberg, baba yake George, alipata huko Kansas mifupa ya Tylosaurus ikiwa na mabaki ya plesiosauri mdogo wa jamii ya shingo fupi katika eneo la tumbo. Alilitaja jambo hilo katika maandishi mafupi ya mwaka 1922, kisha likakaa bila kuchunguzwa kwa kina hadi Michael Everhart alipolifafanua mwaka 2004. Nasisitiza maneno "shingo fupi", kwa sababu wachoraji hupenda kumweka plesiosauri wa shingo ndefu kinywani mwa mosasauri, na huyo siye aliyekutwa tumboni.

Tumbo ninalolipenda kupita yote ni la Tylosaurus mwingine, wa South Dakota, aliyeelezwa na James Martin na Phillip Bjork mwaka 1987. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya samaki wa mifupa, papa, mosasauri mdogo, na Hesperornis, ndege mkubwa mwenye meno aliyekuwa mwogeleaji hodari lakini asiyeweza kuruka. Hiyo ni mishale minne kutoka kwenye kisukuku kimoja, na inatueleza tabia: huyu hakuwa mnyama wa kuchagua, alikula chochote kilichoingia kinywani. Ikumbukwe kwamba mosasauri ni ndugu wa kenge na nyoka. Taya lake la chini lilikuwa na kiungo katikati, na kwenye kaakaa alikuwa na safu nyingine ya meno yaliyopinda kuelekea kooni, kwa ajili ya kulivuta windo ndani. Hakutafuna, alimeza, na ndiyo maana tunaikuta mifupa ya mawindo yake ikiwa bado inatambulika.

Binti Mwambao

Nawashukuru wote wawili. Msoma Miamba ameanza na matumbo, nami naomba nizungumzie ushahidi unaotumiwa mara nyingi zaidi kuliko matumbo kwa sababu unapatikana kila mahali, yaani umbo la meno. Nina wasiwasi nao, na ningependa Mwalimu awaambie wanafunzi wasiuamini peke yake.

Mantiki yake inaeleweka kwa urahisi. Meno membamba yenye ncha kali ni ya kudungia samaki na ngisi, meno yenye makali ubavuni ni ya kukatia nyama, na meno butu ya mviringo ni ya kupondea magamba. Zipo nyakati ambapo mantiki hiyo imethibitika. Mosasauri aitwaye Globidens, aliyepewa jina mwaka 1912, ana meno ya nyuma yaliyovimba kama mipira midogo, na kwa miongo mingi ilidhaniwa tu kwamba alikuwa akiponda kome. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa Globidens wa South Dakota aliyekutwa na vipande vya kome waliopondwa mahali pa tumbo, na dhana ikawa ushahidi.

Lakini tazameni kilichotokea China. Katika mkoa wa Guizhou, kwenye miamba ya kipindi cha Triasi yenye umri wa miaka milioni 240 hivi, walipatikana mabaki ya ikthiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye umbo kama la samaki, mwenye urefu wa karibu mita 5 ambaye meno yake ni mafupi, butu kiasi, yasiyo na makali ya kukatia. Kwa kuyatazama meno hayo, mtaalamu yeyote angeandika kwamba mnyama huyu alikula ngisi na samaki wadogo. Tumboni mwake, hata hivyo, limo pande kubwa la kiwiliwili cha mtambaazi mwingine wa baharini, thalatosauri, aliyekadiriwa kuwa na urefu wa mita 4 alipokuwa mzima. Pande hilo linatoka mabegani hadi karibu na nyonga, kichwa hakimo, na mkia unaodhaniwa kuwa wa windo hilohilo ulipatikana mita kadhaa mbali na hapo. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2020.

Maana yake ni kwamba meno yanaeleza kazi ambayo mnyama aliiweza vizuri, wala hayaweki mpaka wa yale aliyoyatenda. Mamba wa leo hana meno ya kukatia, lakini humvunja nyumbu kwa kumshika, kumtikisa na kujizungusha naye majini, na ikthiosauri yule anaweza kuwa alifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo, Mwalimu, mtandao uliochorwa kwa kutazama meno peke yake utakuwa na mishale mingi iliyokosekana, hasa ile inayomhusu mlaji wa wastani anayethubutu kumshambulia mnyama anayekaribiana naye kwa ukubwa.

Ninapendekeza uwaambie wanafunzi wachore mistari ya aina mbili: mstari kamili kwa mlo uliothibitishwa na tumbo, na mstari wa nukta kwa mlo unaokisiwa kutokana na meno au ukubwa wa mwili. Watashangaa kuona jinsi mistari kamili ilivyo michache, na mshangao huo una faida kubwa darasani.

Jabali la Kusini

Swali la pili la Mwalimu halijajibiwa sawasawa, nalo ndilo gumu zaidi. Je, tunawezaje kumtofautisha muuaji na mla mizoga?

Katika bahari ya Kansas kulikuwa na papa aitwaye Cretoxyrhina, aliyefikia urefu wa mita 6 hadi 7, mwenye meno laini yenye makali ya kisu. Alama zake zimo kwenye mifupa ya mosasauri, ya plesiosauri na ya samaki wakubwa, na baadhi ya mifupa hiyo inaonesha kuliwa na asidi, yaani ilipita tumboni. Hakuna ubishi kwamba alikula nyama ya mosasauri. Hata hivyo, mzoga wa mosasauri ukivimba huelea siku nyingi, na papa wa aina yoyote angeufuata kwa harufu, kwa hiyo alama ya jino kwenye mfupa mkavu inathibitisha mlo na haithibitishi uwindaji.

Kinachoamua ni kupona. Mfupa wa mnyama aliye hai hujibu jeraha: huota mfupa mpya kuzunguka kidonda, au hushika maambukizi na kuvimba, au pingili mbili huungana na kuwa kitu kimoja. Mfupa wa maiti haufanyi lolote kati ya hayo. Bruce Rothschild na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu mifupa ya mosasauri kutoka Kansas na kutoka eneo la Maastricht huko Ulaya, na walionesha mambo yote mawili. Baadhi ya alama za papa ni za kula mzoga, lakini nyingine zina dalili za kupona, na lilikutwa hata jino la papa likiwa ndani ya jipu la mfupa. Mosasauri huyo alishambuliwa akiwa hai, akaponyoka, akaishi na jino la adui mwilini kwa muda wa kutosha kidonda kutunga usaha. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi bora wa uwindaji katika bahari ile yote, na inafaa kuzingatia kwamba unatoka kwa mnyama aliyenusurika. Windo lililouawa na kuliwa papo hapo halituachii alama ya kupona, kwa hiyo mashambulizi yaliyofanikiwa ndiyo yasiyothibitika kirahisi.

Sasa picha ya papa anayemdaka pterosauri. Upo mfupa mmoja wa shingo ya Pteranodon, pterosauri mkubwa, kutoka miamba hiyohiyo ya Kansas, uliochimbuliwa katika miaka ya 1960 na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Los Angeles, ambao una jino la Cretoxyrhina lililokwama kando yake. David Hone, Mark Witton na Michael Habib waliueleza mwaka 2018. Kwamba papa aliing'ata shingo ya pterosauri ni hakika. Kwamba aliruka kutoka majini na kumnyakua angani ni uamuzi wa mchoraji, kwa sababu mfupa hauna dalili yoyote ya kupona, na pterosauri aliyetua juu ya maji kupumzika, au aliyekufa na kuelea, angeng'atwa vilevile. Mimi binafsi naona inawezekana kabisa kwamba alikamatwa akiwa hai juu ya maji, maana papa wengi wa leo huwakamata ndege wa baharini kwa njia hiyo, ila siwezi kukushauri uliandike ubaoni kama jambo lililothibitika.

Mwalimu wa Biolojia

Nawashukuru sana. Pendekezo la mistari ya aina mbili nimelipokea kwa mikono miwili, na maelezo ya kupona kwa mfupa yataingia darasani kama yalivyo, kwa sababu yanaunganisha mada hii na fiziolojia ambayo wanafunzi wameshaisoma.

Naomba niulize jambo moja zaidi. Katika kitabu kimoja cha zamani nimeona picha ya amonaiti, yule ndugu wa ngisi mwenye gamba la kujizungusha, akiwa na safu za matundu ya mviringo, na maelezo yanasema kwamba ni alama za meno ya mosasauri. Je, mshale huo nao nichore kwa mstari kamili?

Msoma Miamba

Mwalimu, umegusa ubishi uliowagawa watu, na ningependa wanafunzi wako waupate wote, kwa sababu unaonesha jinsi dai moja linavyopimwa.

Mwaka 1960 Erle Kauffman na Robert Kesling walieleza gamba la amonaiti aitwaye Placenticeras kutoka South Dakota lenye matundu mengi. Waliyapanga matundu hayo kwa safu, wakalinganisha nafasi zake na taya za mosasauri, na wakahitimisha kwamba mnyama yule aling'atwa mara 16, kila mara mlaji akibadili namna ya kumshika. Simulizi hilo lilipendwa mno, likaingia katika vitabu na makumbusho, na magamba mengine yenye matundu, hasa yale ya Alberta nchini Kanada, yakaelezwa kwa namna hiyohiyo.

Mwaka 1998 Tomoki Kase na wenzake wakalipinga. Hoja yao ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, walitengeneza taya la mosasauri la kimashine na kuling'atisha magamba ya nautilasi, ambaye ndiye ndugu aliyebaki mwenye gamba linalofanana na la amonaiti, na magamba yalipasuka kwa mipasuko isiyo na mpangilio badala ya kutoboka matundu safi ya mviringo. Pili, walionesha kwamba wapo konokono wa baharini wenye gamba la umbo la kofia ambao hujishikiza mahali pamoja na kukwangua hadi wakaacha shimo la mviringo linalolingana na mwili wao, na kwamba baadhi ya amonaiti wana konokono hao wakiwa bado wamejishikiza juu yao. Kwa maelezo hayo, matundu yalikuwa makao ya konokono, na mkandamizo wa mashapo baadaye ukayatoboa kabisa.

Majibu yalikuja mwaka 2001 kutoka kwa Cameron Tsujita na Gerd Westermann. Walikubali kwamba makovu ya konokono yapo, lakini walisema kwamba hayaelezi magamba yote. Yapo magamba ambayo matundu yake yako pande zote mbili yakielekeana, kama yanavyoelekeana meno ya taya la juu na la chini. Tena gamba la nautilasi halilingani na la Placenticeras kwa unene na muundo wa tabaka zake, kwa hiyo jaribio lililofanywa kwa la kwanza haliwezi kutoa hukumu ya mwisho juu ya la pili.

Nikiulizwa msimamo wangu, nitasema hivi. Gamba moja moja linapaswa kuhukumiwa kwa hali yake. Tundu moja upande mmoja, au matundu yaliyotapakaa ovyo, ningeyahesabu kuwa ya konokono. Matundu yaliyo katika mstari uliopinda kama taya, yanayopungua ukubwa kuelekea mbele, na yenye wenza wao upande wa pili, ningeyahesabu kuwa ya meno, na sioni maelezo mengine yanayotosha. Kwa hiyo mshale wa amonaiti kwenda kwa mosasauri uchore, lakini kwa nukta, na uandike kando yake kwamba wapo walioukataa kwa hoja nzito. Hata simulizi la mara 16 lingefaa kusomwa darasani, mradi wanafunzi wajue kwamba linategemea namna watafiti wawili walivyoyaunganisha matundu kwa macho yao.

Binti Mwambao

Naongeza jambo ambalo halijatajwa, nalo linatoka barani kwetu. Mjadala huu umekaa Kansas kwa sababu Mwalimu aliichagua bahari hiyo, lakini mojawapo ya matumbo yenye maelezo mengi kuliko yote limepatikana Angola, katika majabali ya pwani ya Bentiaba, mkoa wa Namibe, kwenye miamba yenye umri wa miaka milioni 71 na nusu hivi. Wakati huo Bahari ya Atlantiki ya Kusini ilikuwa bado nyembamba, na pwani ile ilikuwa na chakula tele.

Mnyama mwenyewe ni Prognathodon kianda, mosasauri aliyepewa jina la Kianda, roho wa majini katika imani za watu wa Angola. Mmoja wa wanyama hao, aliyeelezwa mwaka 2015, alikutwa na mabaki ya mosasauri watatu tumboni, na mmoja kati ya hao watatu ni wa spishi yake mwenyewe. Hapo mtandao wa chakula unapata mshale ambao wanafunzi hawautarajii, unaotoka kwa mnyama na kurudi kwake. Kama alimuua jamaa yake au alikula maiti yake, mifupa haisemi, na maelezo ya Jabali la Kusini yanahusu hapa pia.

Vilevile Moroko, kwenye machimbo ya fosfeti ya Khouribga, walipatikana mabaki ya Thalassotitan atrox, mosasauri mwenye fuvu la takriban mita 1.4, aliyeelezwa mwaka 2022 na Nick Longrich na wenzake. Meno yake yamevunjika na kulika sana, jambo linaloashiria kwamba alikuwa akiuma mifupa au vitu vigumu mara kwa mara. Karibu naye, katika tabaka zilezile, imepatikana mifupa ya samaki wakubwa, kasa, plesiosauri na mosasauri wengine ikiwa imelika kwa asidi, kana kwamba ilimezwa kisha ikatapikwa. Watafiti wenyewe hawakusema kwa uhakika kwamba ilitapikwa na Thalassotitan, walisema tu kwamba yeye ndiye anayeshukiwa zaidi kwa ukubwa wake. Naona huo ni uandishi wa kuigwa.

Na ipo njia nyingine isiyohitaji tumbo wala alama ya jino. Mwili wa mnyama, unapopokea kalisi kutoka kwenye chakula na kuijenga katika mifupa na meno, huzipendelea kidogo isotopu nyepesi (isotopu ni aina za elementi ileile zinazotofautiana kwa uzito) kuliko zile nzito, kwa hiyo kila unapopanda ngazi moja katika mnyororo wa chakula kalisi ya menoni inazidi kuwa nyepesi. Kwa kupima uwiano huo, jino moja linaweza kueleza mwenyewe alikuwa ngazi ya ngapi, hata kama halisemi alimla nani kwa jina. Jeremy Martin na wenzake walipima hivyo meno ya watambaazi na samaki wa fosfeti za Moroko, na matokeo yao ya mwaka 2017 yalikuwa na jambo zito: wengi wa walaji wakubwa walikuwa wamebanana katika ngazi ileile ya juu, ingawa maumbo ya meno yao yanatofautiana na yangetufanya tuwapange katika ngazi mbalimbali.

Hilo linagusa hata kutoweka kwao miaka milioni 66 iliyopita. Kimondo kilipoanguka na mwanga wa jua ukapungua, mimea midogo ya majini iliyokuwa msingi wa yote ilianguka kwanza, na bahari iliyokuwa na walaji wengi mno waliotegemea tabaka lilelile la mawindo haikuwa na njia ya pembeni ya kuwalisha. Kwa hiyo, Mwalimu, ukiwa na kipindi cha ziada, waombe wanafunzi waufute mstari wa chini kabisa katika mtandao wao, kisha wafuate mishale kwenda juu na kuhesabu ni wanyama wangapi wanaobaki na chakula.